Pindo la Askari wa Arobaini

Jana mchana usingizi ulinipitia mezani, brashi mkononi, nikaota haya.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa. Baba, mwalimu wa historia mstaafu, alishapaka rangi sanamu thelathini na tisa za askari wa Ugiriki ya kale, kila moja ndogo kuliko kidole gumba. Wa arobaini aliniachia mimi, maana macho yake yamechoka. Saa kumi alikuwa anakwenda kupasuliwa jicho, na alitaka amwone askari huyo kwanza, isije ikawa ndio mwisho wa kuona. Sharti lake moja tu: "Nsia, usimvishe rangi ambayo wenyewe hawakuwa nayo."

Basi ndotoni nafungua kopo la rangi ya waridi. Askari anarudi nyuma hatua mbili.

"Hiyo imetoka wapi?"

"Dukani, Moshi mjini."

"Na kabla ya dukani?"

Sijui. Kopo linajifunika lenyewe kwa aibu.

Mara meza ni soko la Athene, na rangi zimepanga foleni, kila moja na asili yake mkononi. Nyekundu imekumbatia mizizi. Manjano imeshika ua la zafarani. Buluu imetoka Misri na mchanga na shaba yake, haisemi na mtu. Zambarau inaburuta gunia la konokono wa baharini, inanuka mpaka naziba pua.

"Nikupake zambarau," nasema. "Inapendeza."

"Dada, hiyo ni ya wafalme, mimi nalima shayiri. Hata adui watanicheka."

"Sasa unavaa nini?" Natamani kweli kujua.

"Sufu ya kondoo wetu, kama ilivyo. Mizizi ya rangi aliyochimba mama ilitosha pindo tu."

"Na ngao?"

"Shaba. Ukiweka dhahabu tutakosana."

Ghafla tuko jikoni kwetu, na mama yake askari anafuma kwenye kiti cha Baba. Hanisalimii. Ananipa uzi.

"Kaza," anasema. Nakaza.

Niliamka saa tisa na nusu. Nikapaka mbiombio: vazi la sufu, pindo jekundu, ngao ya shaba. Baba akamsogeza karibu na pua, akamgeuzageuza.

"Huyu kavalishwa na mama yake," akasema taratibu. "Nani kakuambia, mwanangu?"

Nikamshika mkono kumpeleka garini, naye akasimama, akapapasa kidole changu.

Kilikuwa kimezungushiwa uzi wa sufu, ncha yake nyekundu, umekazwa vizuri.