Tope la Ng'ambo

Majibu yote Phelista alikuwa nayo. Jina la ukoo, jina la chifu wa zamani, kilima kinachoonekana ukisimama mlangoni kwao. Aliyakariri njia nzima mpaka ulimi ukamchoka. Alichosahau ni kumwomba babu yake, Mzee Mukhisa, anyamaze.

Mwaka ulikuwa 2004, siku ya wazee wa Lwakhakha kuwapiga msasa vijana wanaotaka vitambulisho. Hapo mpakani huandikishwi hivi hivi tu. Mto ndio unaotenganisha Kenya na Uganda, lakini watu wa huku na huko ni wale wale, majina yale yale, hata mbuzi wao ni ndugu. Kwa hiyo wazee hukuuliza historia, na mmoja wao asipokutilia sahihi Chifu hapigi muhuri. Ukijikwaa unaambiwa urudi kwenu, na kwenu ni nyumba ya tatu kutoka hapo.

Phelista alikuwa na haraka. Shamba moja la mbegu huko Kitale lilimpa kazi, aripoti Jumatatu na kitambulisho, au angalau karatasi ya kukisubiri. Bila hiyo, nafasi inapewa mwingine.

"Babu yako alitahiriwa wapi?" akauliza Mzee Wakoli, mwenyekiti, Chifu akiandika kando yake.

"Uani kwa baba yake, hapa hapa."

"Na tope alipakwa wapi?"

Phelista akamtupia jicho babu yake aliyeketi kando. Alijua kwamba kijana wa Kibukusu hupelekwa mtoni alfajiri, apakwe tope mwili mzima, ndipo arudi kwa baba yake kusimama mbele ya kisu. Lakini tope la wapi? Nani huuliza tope?

"Kwa lile shimo letu la bondeni," Mukhisa akadakia. "Tope baridi kama barafu! Nilisimama imara mpaka ngariba akaogopa, akaniomba nimshikie kisu apumue."

"Wacha mchezo, bana. Hilo shimo si liko ng'ambo? Ulipakwa Uganda, ukakatwa Kenya. Sasa wewe ni wa wapi?" Wakoli akauliza.

Phelista akamvuta babu yake mkono. "Kuka, tafadhali," akanong'ona.

"Ati ng'ambo!" Mukhisa akasimama. "Hiyo shimo ilikuwa huku. Ni mto ilihama! Mvua kubwa ya sitini na moja ilisukuma maji kwetu, asubuhi shimo ikaamkia Uganda. Haikuonyesha mtu pasi."

"Mto hauhami, Mukhisa."

"Mpaka je? Baba yangu alizaliwa Uganda akaoa Kenya, na hajatoka kwa boma! Siku hizo wazungu waliita nchi hii yote Uganda, mpaka kule Naivasha. Mzee akalala, akiamka anaambiwa ni Kenya. Akauliza, na ng'ombe wangu wanajua?"

Phelista alijaribu kufuata akashindwa. Baba wa babu alihama nchi akiwa kitandani. Babu ni nusu nusu. Shimo limevuka mto, au mto umevuka shimo. Yeye je? Alipofumba macho aone kwao, mto ulikuwa mara kulia, mara kushoto.

"Na wewe Wakoli," Mukhisa akaendelea, "si ulipakwa nyuma yangu siku ile ile? Ukalia, tope ikakuingia mdomo."

"Sikulia!" Wakoli akasimama.

Wakoli aligundua amekiri kwamba naye ni wa shimo lile, akaketi.

"Aliyetushikia nguo pale shimoni ni marehemu baba yako, Chifu," Mukhisa akaongeza kwa furaha.

Chifu akaweka kalamu chini. "Basi. Hakuna mtu wa shimo hilo atakayetia sahihi hapa mpaka niulize wakubwa wa wilaya, Bungoma."

Bungoma! Bungoma wangejibu mwezi ujao. Phelista akatazama benchi yote, mzee mmoja mmoja, kila mmoja akijikagua miguu kana kwamba tope bado liko. Mwishoni kabisa aliketi Mzee Kipkemei, Msabaot aliyehamia hapa zamani kutoka Kapsokwony, kule Mlima Elgon, ambaye wenzake walimwita mtu wa mlima na hawakumuuliza kitu.

Akamwendea, akapiga goti. "Mzee, wewe una shimo?"

"Sina shimo, mama."

"Na huko mlimani kwenu mpaka uko wapi?" Wakoli akafoka.

"Hamjawahi kuniuliza," Kipkemei akasema. Akamgeukia msichana. "Wewe si ndiye ulikuwa unapita kwangu ukienda shule na sweta ya kijani, unaiba mapera?"

"Ni mimi, mzee."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote, mzee. Nisamehe."

"Mwizi wangu ni wa hapa," akamwambia Chifu, akaomba kalamu.

Chifu akapiga muhuri; muhuri ni wa serikali, alisema, si wa baba yake.

Phelista akatoka ameikumbatia karatasi yake, kichwa bado kinazunguka, asijue kama amekubaliwa na nchi au na mti wa mapera. Nyuma yake alisikia kiti kikiburutwa.

"Haya, Kipkemei," ilikuwa sauti ya Wakoli, ya upole ghafla. "Nipige msasa na mimi. Historia yangu nianzie wapi?"

"Anzia pale ulipolia."