Wamejulishwa

Kazi yangu ni uzingatiaji wa kanuni katika chuo kinachofundisha kwa mtandao. Mtu akiniuliza nafanya nini, huwa najibu "niko ofisini tu", maana kuieleza kunachosha. Kwa kifupi, mwanafunzi akiishi ng'ambo ya mpaka, sisi ndio wa kuangalia kama cheti chetu kinatambuliwa kwao. Kisipotambuliwa, lazima aambiwe mapema. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya karani mmoja. Siku hizi tumejaa chumba kizima na bado inatushinda.

Miaka minne iliyopita, wakaguzi wakitarajiwa kesho yake, niliona safu moja tupu kwenye orodha ya wanafunzi wa uuguzi walioko ng'ambo, ambako cheti chetu hakitambuliwi. Nikaijaza "wamejulishwa" kuanzia juu hadi chini, bila hata kusoma majina. Barua pepe zenyewe ningezituma wiki inayofuata. Wiki ikaja na mambo yake. Uongo mbaya, nilisahau kabisa.

Nilisahau mpaka wifi yangu, dada wa mume wangu, aliponipigia simu akicheka. Alitaka kutushtukiza: yeye mhudumu wa wodi kule ng'ambo, kumbe mwaka mzima anasomea uuguzi chuoni kwetu. "Wifi nasoma kwa waifai," akanitania. Nikaifungua ile orodha: jina lake lilikuwemo. Ningeweza kumwambia pale pale. Mimi huyo, nikampa hongera, nikajipa moyo kwamba kanuni za kwao zitabadilika.

Hazikubadilika. Juzi alikuja kwetu na barua ya baraza la wauguzi la kwao: hawezi kupewa leseni kwa cheti chetu. Alikuwa amelalamika chuoni, nacho kikamjibu kwamba kumbukumbu zinaonyesha alijulishwa.

"Nimeipekua barua pepe yangu yote, wifi," aliniambia tukiwa mezani jikoni. "Labda niliifuta bila kuangalia. Uzembe wangu. Nisamehe, nimekuaibisha kazini kwako. Kesho naondoa malalamiko."

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto.

"Hukutumiwa kitu," nikasema. "Ile safu niliijaza mimi. Barua haikutumwa kwa mtu yeyote. Na uliponipigia simu ile siku, nilikuwa najua."

Hakupandisha sauti. Alinisogezea kompyuta yangu.

"Andika hivyo hivyo, uwapelekee wakubwa zako."

Niliandika nikijua kazi ndiyo imeota mbawa, nikatuma mbele ya macho yake. Na mimi nilivyo, nikaanza kujiona mtu mwema.

"Tulikuwa wangapi kwenye hiyo orodha?" akauliza.

"Arobaini na mmoja."

"Na wale arobaini, umeshawaambia?"

Hata mmoja sikuwa nimemwambia. Kumi na wanne kati yao walikuwa bado wanasoma. Asubuhi ile ile nilikuwa nimewaona kwenye kompyuta yangu, wameingia darasani.