Chuma cha Ndege

Maziwa! Jamani, hawa mafundi na maziwa yao watanitia wazimu. Kila anayechomelea vyuma hunywa pakiti jioni, eti yanaosha moshi kifuani. Wanachojua, na hapo hawakosei, ni kwamba ukichomelea chuma kilichopakwa zinki, ule moshi mweupe unakupa homa: unatetemeka usiku kucha, asubuhi unaamka mzima. Kwao huo ni ugonjwa wa kutaniana. Asiyewahi kuupata wanamwambia bado hajawa fundi.

Mume wangu, ambaye karakana nzima inamwita Cheche, siku hiyo alirudi na furaha zake. Walikuwa wanatengeneza vitanda vya bweni la shule, na muuza vyuma chakavu alikuwa amewaletea fito zilizong'olewa kwenye ndege iliyokwisha kazi.

"Mama watoto, chuma cha ndege kile! Kinang'aa kama dhahabu, kutu hakiijui. Watoto wa watu watalala kama wako angani."

"Na huo uso una nini?" nikamuuliza, maana jasho lilikuwa linamtiririka.

"Aa, moshi tu. Wa leo ulikuwa wa njano. Zinki ya ndege, lazima iwe na maringo yake."

Akanywa maziwa yake, akajifunika blanketi, akatetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta.

Asubuhi hakuamka mzima. Kifua kilikuwa kinambana na alikohoa kikohozi kikavu. Nikamwambia twende hospitali, akasema ng'o. Mdogo wake, ambaye wanafanya kazi pamoja, akapita kumwona kabla ya kwenda karakana. Nilidhani atanisaidia. Wapi! Alicheka.

"Shemeji nawe! Si homa ya mafundi hiyo? Ukimpeleka hospitali tutachekwa mpaka tuhame."

"Bora mchekwe nyinyi kuliko nilie mimi," nikamwambia.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilishinda nikibishana na mtu anayeongea nusu sentensi halafu anatafuta pumzi. Kesho yake alfajiri midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Sikumwomba ruhusa tena. Nikaita teksi, nikamkokota nikimtukana njia nzima, na moyoni namwomba Mungu.

Hospitalini walimwekea mpira wa hewa puani. Daktari, binti mpole, akaniuliza kazi yake. Nikamweleza, nikataja na zinki.

"Zinki ingekuwa imeshamwachia," akasema. "Moshi wenyewe ulikuwaje?"

"Alisema wa njano."

Akaacha kuandika. "Hicho chuma kilikuwa cha nini kabla?"

"Cha ndege."

Akavuta kiti, akakaa karibu yangu. Kuna vyuma vya ndege, akasema, vinavyopakwa kitu kiitwacho kadimiamu ili visishike kutu. Huko kwenye ndege havina neno. Ukivichoma kwa moto, moshi wake unaanza kama homa ile ile ya zinki, halafu hauondoki. Unakula mapafu.

"Si kuna dawa?"

"Ya kuutoa kifuani hakuna. Tunampa hewa na kumsaidia kupumua. Wapo wanaopona." Hakuniangalia alipoyasema hayo. "Kalete kipande tukipime. Na hao wenzake waambie wasikiguse tena."

Nilikimbia mimi, na unene wangu huu, kandambili moja ikabaki barabarani. Karakana ilikuwa kimya. Vitanda vilikuwa vimepangwa ukutani, vyote vimekamilika. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kimojawapo, amevaa koti zito juani, mikono kaificha makwapani.

"Nani amechomelea hivi?"

"Mimi, nani mwingine? Wenzangu wamekwenda kufunga mageti ya watu. Nilianza jana, nimemaliza sasa hivi." Meno yalikuwa yanagongana, na bado anatabasamu. "Kaka akipona asikute kiporo. Angalia hata maungio, nimefuata vile vile alivyokuwa anapendelea."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka kumkumbatia. Nikamkamata ukosi wa koti nikamwinua.

"Twende hospitali!"

"Kwa homa hii? Shemeji, mbona unalia?"

Walimpa kitanda cha jirani na kaka yake. Cheche alifumbua macho, akamtazama mdogo wake akitetemeka chini ya mablanketi mawili, kisha akanigeukia mimi. Hakuwa na pumzi ya kuuliza.

"Amekuja kukuona," nikamdanganya.

Akatikisa kichwa taratibu. Mtu mwenyewe ni fundi, atadanganywaje kwa hilo? Machozi yakamtoka, yakaingia masikioni, nami nikawa nayafuta kwa kanga. Baada ya hapo hakufumbua macho tena.

Alikata roho kesho yake mchana, mkono wake ukiwa mikononi mwangu. Nilikuwa bado sijauachia, simu ikalia. Alikuwa mama mkwe, anayeishi mbali, na habari aliyokuwa nayo ni kwamba mtoto wake mkubwa amelazwa. Kwenye kitanda cha pili, kile kikohozi kikavu kilikuwa kimeshaanza, na nesi alikuwa anasogeza mtungi wa hewa kutoka upande huu kwenda upande ule.

"Mwanangu anaendeleaje?" mama akauliza.

Kinywa kikanitangulia.

"Yupi, mama?"