Zamu ya Kuomba

Kijiko kiligonga kikombe mara mbili, kungali giza. Ndivyo Koko Nyiransabimana alivyoita watu tangu sauti ilipomwishia nguvu. Uwamwezi, mke wa mwanawe, aliwasha taa akamwinua mgongo.

"Mama Kétsia, niombee. Leo njo naenda."

Uwamwezi alipiga magoti, akafumba macho, akafungua kinywa. "Amina," akasema.

"Unamaliza mbele ya kuanza?"

Alijaribu tena. Ikatoka Amina.

Pale Burungu halikuwa jambo geni. Zamani, kila Alhamisi, kina mama wa kanisa waliomba kwa zamu, huyu kwa Kihunde, yule kwa Kinyarwanda, mwingine akisahau na kuanza upya. Kisha akaja Pasta Hakorimana, na maombi yake yalikuwa matamu. Mmoja mmoja wakamwachia zamu zao, kwa heshima. Ulipopita msimu mmoja wa maharage, maneno ya kuomba yakawapotea. Sokoni walibishania bei ya viazi kama kawaida. Mbele ya Mungu walibaki na Amina tu. Koko mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha zamu yake.

Sasa Pasta alikuwa safarini huko Pinga, akihubiri. Kulipokucha, jirani yao, Mama Adelaïde, alileta simu, akapanda juu ya kiti karibu na dirisha kutafuta mtandao.

"Réseau inakuja, inaenda. Koko, vumilia kidogo, Pasta akuombee."

"Kifo nayo iko na simu?" Koko akauliza. "Basi muipigie, ivumilie."

Kétsia, binti wa Uwamwezi mwenye miaka mitano, alikuwa ameshika mguu wa bibi yake. "Mungu," akaanza, "koko iko na baridi, umu—"

"Nyamaza, mutoto!" Adelaïde akamziba mdomo. "Inaita!"

Simu iliita mpaka ikakatika. Walipogeuka, Koko alikuwa amekwisha kufa.

Pasta alifika kesho yake kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Kaburini aliomba vizuri kuliko siku zote. Hata wachimba kaburi walilia. Akatangaza kwamba Jumatatu anakwenda Itebero, hivyo wagonjwa wamngojee mpaka Ijumaa. Watu wote wakavuta pumzi ili waseme Amina.

Kétsia alisogea mbele, akamtazama Pasta usoni. Uwamwezi hakumziba mdomo.

"Koko alikungojea mpaka akakufa."