Breki Iliyofungiwa Kabatini

TANGAZO. Watumishi wote wa Mradi wa Chanjo ya Kuku, Kibondo, mnaarifiwa kwamba kuanzia tarehe 3 Juni 1996 mkono wa breki ya mbele wa pikipiki ya mradi umeondolewa kwa sababu za usalama, na umehifadhiwa kabatini, rafu ya pili, kando ya sumu ya panya. Mtumishi yeyote asiuguse.

Tangazo lilibandikwa mlangoni kwa uji wa muhogo, likasomwa na watumishi wote wanne, kisha likaliwa upande mmoja na mbuzi kabla ya saa nne asubuhi. Sehemu iliyobaki ilitosha.

Aliyeliandika ni Mzee Kipriani, mratibu wa mradi, ambaye ujana wake aliutumia kusafirisha ndizi kwa baiskeli kutoka Heru Juu hadi soko la Kasulu. Wachukuzi wa njia ile hushuka milima na mikungu mitatu nyuma, na husimama kwa kukandamiza soli ya katambuga, kiatu cha mpira wa tairi, kwenye gurudumu la nyuma. Siku moja Kipriani aliazima baiskeli yenye breki ya mbele inayofanya kazi, jambo geni kwa wakati ule, akaikamata kwa nguvu zake zote katikati ya mteremko. Yeye alifika bondeni kwanza, mikungu ikafuata, baiskeli ikawa ya mwisho. Tangu hapo aliamini kwamba gurudumu la mbele liliumbwa kwa ajili ya kukata kona tu, na kwamba kulizuia ni kulichokoza. Kwa muda wa miaka thelathini na mitano hakujitokeza mtu wa kumpinga, kwa kuwa wengine wote walikuwa wakitumia katambuga.

Mzigo wa imani hiyo ulimwangukia Vestina, bibi mifugo, aliyepeleka chanjo ya mdondo, maradhi ya kuku, kijijini Mabamba kila Jumatatu. Barafu ya kasha lake ilidumu saa tano. Kwa pikipiki alifika ikiwa bado barafu. Kwa baiskeli angefika na maji ya uvuguvugu, na kuku wa Mabamba wangekufa wakiwa wamechanjwa kikamilifu. Katika majuma matatu bila breki ya mbele, alikuwa ameshindwa kusimama mbele ya mkeka wa mihogo, ua wa katekista, na mtungi wa pombe ya ndizi wa Immakulata, muuza pombe. Barua ya onyo ya Kipriani ilikuwa fupi: ajali moja zaidi, pikipiki itaingia ghalani na yeye atapewa baiskeli.

"Mzee, nirudishie mkono wangu," alisema Vestina.

"Mikono yako unayo, mwanangu. Yote miwili. Hiyo ndiyo faida ya tangazo."

"Na mtungi wa Mama Immakulata?"

"Mtungi haukuwa na mikono."

Vestina alimwita Twalibu, fundi wa pikipiki kutoka Kasulu, ambaye alipanda lori siku nzima ili kueleza jambo la dakika moja.

"Shikamoo, mzee. Ukiwa juu ya lori, dereva akakanyaga breki, wewe unaangukia wapi?"

"Marahaba. Mbele."

"Na uzito wa pikipiki huenda hukohuko. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi, linateleza tu. La mbele ndilo linaloshika ardhi."

"Ndicho ninachosema," alijibu Kipriani. "Mbele tayari kuna msongamano. Hatuwezi kuongeza na breki."

"Wewe ulianguka kwa sababu uliikamata kama kuku anayetoroka. Breki hubanwa taratibu, ukizidisha kidogo kidogo, pamoja na ya nyuma."

"Fundi, siku ile hukuwapo."

"Mikungu ilikuwapo," alisema Immakulata, aliyekuwa amekuja kufuatilia suala la mtungi wake. "Hiyo ndiyo mashahidi."

Ikaamuliwa lifanyike jaribio. Mstari wa majivu ulichorwa barabarani, chini ya mteremko ulio nyuma ya ofisi. Mzee Kipriani alisimama pembeni na daftari. Karani Felisiani alisimama juu ya mstari wenyewe, akishika bendera, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asisimame hapo.

Vestina alishuka mara ya kwanza kwa breki ya nyuma peke yake. Gurudumu lilikwama, pikipiki ikaenda upande kama kaa, Felisiani akaruka, na Vestina akasimama hatua kumi na nne baada ya mstari, ndani ya shimo la kulowekea mihogo. Alitoka mwenyewe, akinuka.

"Hajaumia," aliandika Kipriani.

Mkono wa breki ukatolewa kabatini kwa muda, Twalibu akaufunga mahali pake. Vestina alishuka tena kwa mwendo uleule, akabana taratibu, akasimama hatua mbili kabla ya mstari, kimya, kama mtu anayefika kanisani mapema. Kwa bahati mbaya Felisiani alikuwa ameshajifunza kutokana na jaribio la kwanza. Alikuwa ameruka mapema zaidi na kwa mbali zaidi, akaangukia mtaroni na kuteguka kifundo cha mguu.

"Ego! Ndiyo!" alishangilia Immakulata. "Amesimama!"

"Amesimama," alikubali Kipriani, akihesabu. "Breki ya nyuma, majeruhi hakuna. Breki ya mbele, majeruhi mmoja."

"Mzee, mimi nilijirusha," alisema Felisiani kutoka mtaroni.

"Kwa sababu ya breki ipi?"

"Mzee, Jumatatu naenda Mabamba," alisema Vestina. "Ule mteremko wa mtoni unaujua. Nikianguka pale, kuku wamekwisha na kazi imekwisha. Naomba breki."

Kipriani hakuwa mtu katili. Aliingia ofisini, akaandika hadi saa tisa, akatoka na uamuzi uliopigwa mhuri:

"Imeamuliwa kwamba Ndugu Vestina aendelee kutumia pikipiki, na kwamba mkono wa breki ya mbele usafiri naye, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Endapo kutatokea hatari barabarani, dereva atajaza fomu nakala tatu, akieleza aina ya kizuizi na umbali uliobaki, na kuiwasilisha ofisini Kibondo. Baada ya kupata kibali, ataruhusiwa kuufunga na kusimama."