Kucha Kumi za Shangazi

Ijumaa saa nne asubuhi, mwalimu wa chekechea aliingia saluni na bahasha ya kaki mkononi. Hakusalimia. Aliifungua juu ya meza ya Kiduchu, zikadondoka kucha nne nyekundu za kubandika.

"Nimekaa nazo siku mbili tu," alisema. "Na ya tano sijui iko wapi. Namwomba Mungu asiwe kaimeza mtoto wa watu."

Kiduchu alitamani ardhi ipasuke imfiche. Ilikuwa miezi mitano tu tangu atolewe kwenye kuosha nywele akapewa meza ya kucha, meza yenye taa yake mwenyewe na kiti cha magurudumu. Madamu, mwenye saluni, alingoja mwalimu aondoke. Kisha akasema polepole, kwa ile sauti yake ya upole inayotisha kuliko kelele:

"Hii ni mara ya tatu kucha zako zinabanduka, mwanangu. Ikifika ya nne, unarudi kwenye sinki."

Na mteja aliyefuata siku hiyo, saa nane mchana, alikuwa shangazi yake.

Huyu shangazi, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Jina la Kiduchu lilitoka kwake, kwa jinsi mtoto alivyofika mlangoni mdogo kama kifurushi. Alikuwa muuguzi, sasa amestaafu, na akiwa na miaka sitini na mmoja alikuwa hajawahi kuolewa. Kesho yake alikuwa anaolewa. Mchumba alikuwa fundi saa, mgane mpole aliyeitengeneza saa ya ukutani ya Shangazi kwa miaka miwili mfululizo. Saa yenyewe, kwa kauli ya Shangazi, haikuwahi kuharibika.

Alifika saa nane kamili, akaketi, akaweka mikono yote miwili mezani.

"Mikono hii imeosha watu na mashuka yao miaka thelathini na nane," alisema. "Kesho nataka iwe mikono ya bibi harusi. Nibandikie kucha ndefu. Zisiwe ndefu za kuchekesha, lakini ndefu."

Kiduchu aliitazama. Kucha za Shangazi zilikuwa pana na bapa, na za vidole gumba zilitanda kama vijiko.

"Shangazi, si bora nikupake rangi tu? Itapendeza."

"Rangi nimekwambia mimi?"

"Hapana, lakini..."

"Lakini nini? Mbona unaongea na meza?"

Ndipo Kiduchu akaishiwa nguvu. Akaeleza yote, bahasha, watoto wa chekechea, sinki. Alieleza huku machozi yanamlengalenga, akimtupia Madamu jicho asije akasikia. "Kesho utavishwa pete mbele ya watu, kucha ianguke. Nitaweka wapi uso wangu?"

Shangazi hakumbembeleza. Alivuta kiti karibu. "Haya. Nionyeshe unavyofanya, tangu mwanzo. Usiruke kitu."

Kiduchu akamimina maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, akatia sabuni, akamwambia atumbukize vidole.

"Vya nini?"

"Vilainike. Nisukume kijingozi cha kwenye mzizi, kisha nikaushe na kubandika."

"Papo hapo?"

"Papo hapo."

Shangazi akarudisha mikono mapajani. "Kiduchu, ukucha unakunywa maji. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Wewe unabandika juu ya kitu kilichovimba. Jioni kimesinyaa, gundi imebaki inaning'inia. Ningefunga vidonda hivyo, matroni angenifukuza wiki ya kwanza. Na mafuta yale ya kwenye chupa?"

"Ya kumkandia mteja mikono. Wanayapenda."

"Kabla ya gundi?"

Kiduchu akaisogeza chupa ya mafuta kando. Alihisi uso umepata moto, lakini chini ya ile aibu kulikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akausikia mfukoni.

Wakaanza upya, kwa ukavu. Alisukuma vijingozi taratibu bila maji. Alipitisha msasa laini juu ya kila ukucha, kuondoa mng'ao tu, asiukwangue. Akafuta vumbi, kisha akapangusa kwa pamba yenye spiriti na kumkataza Shangazi kugusa chochote, hata pua yake.

"Inaniwasha."

"Vumilia."

Kwenye kuchagua saizi, mkono ulimpeleka kwenye mazoea yake. Aliokota kucha nyembamba, kwa kuwa zinafanya kidole kionekane cha kifahari. Akaijaribu bila gundi kwenye kidole cha pete. Ukiibonyeza inalala. Ukiiachia inainua mbavu. Akaigeuza chini ya taa akaona mwenyewe, bila kuambiwa, uwazi mwembamba pembeni ambamo maji yangepita. Akaiweka kando. Akachukua iliyozidi kidogo, akaipiga tupa ubavu huu na huu, mpaka ikaenea kutoka ukingo hadi ukingo bila kupanda juu ya nyama. Vidole gumba vilikula nusu saa. Kila ukucha uliokwisha kupimwa aliupanga kwa zamu yake kwenye taulo.

Gundi akatia kidogo, isifurike. Aliegemeza kucha kwenye mzizi kwanza, ikiwa imeinama, kisha akaishusha polepole kuelekea ncha, akiisukuma hewa itoke. Akashikilia. Akahesabu hadi arobaini kimoyomoyo.

"Kidole changu kimekufa ganzi," alisema Shangazi.

"Thelathini na moja. Umenipoteza, naanza tena."

Walicheka wote wawili, na Madamu akainua shingo kuangalia kulikoni.

Walipomaliza, Kiduchu akatoa amri: mpaka kesho asiloweshe mikono, asioshe vyombo, asifue.

"Vyombo nisioshe?" Shangazi alishangaa. "Kumbe kuolewa kunaanza leo!"

Asubuhi, ofisi ya msajili wa ndoa ilijaa ndugu na maua. Kiduchu alisimama nyuma ya bibi harusi akiwa hajalala vizuri, macho yake kwenye kucha kumi za rangi ya waridi iliyopauka. Fundi saa, aliyezoea kushika skrubu ndogo kama mbegu, aliishika pete kwa ncha za vidole. Akamvisha. Ikafika kwenye kifundo ikagoma.

Akasukuma. Ikagoma. Akajaribu kuivua, ikagoma vilevile.

"Kidole kimevimba kwa joto," Shangazi alisema kwa utulivu wa kazini. "Maji na sabuni."

Kiduchu alisikia maji na sabuni kama mtu anayesomewa hukumu. Lakini hapakuwa na njia nyingine. Waliingia kwenye choo cha ofisi, yeye, Shangazi na fundi saa, mlango wazi, ndugu wamejazana kuchungulia. Bomba likafunguliwa. Povu likajaa mkono mzima. Fundi saa alizungusha, akavuta, akazungusha, vidole vyake vinene vikipapasa zile kucha pasipo huruma. Shangazi akauma mdomo.

Pete ikapita kifundo, ikakaa mahali pake. Ndugu wakashangilia, na msajili aliyewafuata mpaka mlangoni na kitabu chake akauliza kama sasa wanaweza kutia saini.

Kiduchu hakushangilia. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, ameushika mkono wa Shangazi, anausuuza povu, anabonyeza kila ukucha kwa ncha ya kidole chake. Hakuna uliotikisika. Hakuna hata uliocheza ubavuni.

"Ngapi?" Shangazi akauliza kutoka juu.

"Kumi."

"Sasa mbona unalia?"

"Silii," alisema Kiduchu, akajifuta machozi kwa mkono wenye povu, na macho yakamwasha kwelikweli. Alicheka hadi akakaa kitako pale pale chooni, na gauni lake jipya.

Shangazi akamnyanyua kwa mkono wa pete. "Inuka mwanangu. Mume wangu anangoja, asije akaghairi."

"Sighairi ng'o," alisema fundi saa, akipangusa sabuni kwenye koti lake.