Kulizeesha Gitaa

"Sasa hili nalo nalipimaje, kwa kilo?"

Muuza nyama aliuliza hivyo huku ameuzuia mlango wa friza kwa kiuno, mikono yake yote miwili imejaa mbavu za ng'ombe. Ndani, juu ya mifuko ya maini, lilikuwa limelala gitaa la umeme, bluu, limevuliwa nyuzi zote, likifuka baridi. Fundi hakucheka. Siku nyingine angecheka mpaka ashike mbavu, maana yeye na muuza nyama ni marafiki wa kufa na kuzikana na wakikaa pamoja hawambakizi mtu. Leo alilitoa gitaa kwa matambara, akalikumbatia, akavuka nalo barabara mbio hadi karakana yake, akalilaza juu ya meza iliyokuwa juani.

Akawasha mashine ya kukaushia nywele aliyoiazima saluni, akalipulizia hewa ya moto pale kifuani. Kisha akainama na kutega sikio. Tik. Kimya. Tik, tik. Vanishi ilikuwa inapasuka. Nyufa nyembamba kama unywele zilianza kutambaa kutoka ukingoni kwenda katikati.

"Ewaa," alinong'ona. "Zeeka bwana. Zeeka, nakuomba."

Ukimsikia mwanamke mzima analibembeleza gitaa lizeeke, usikimbilie kusema akili zimemruka. Msikilize kwanza.

Huyu kazi yake ni kupulizia rangi fanicha. Miaka yote watu wamemletea vitanda vilivyochubuka, makabati yaliyoungua pasi, viti vilivyotafunwa na watoto, naye huvirudisha vikiwa vinang'aa hata mwenyewe akatae kuwa ni vyake. Kufanya kizee kiwe kipya anakuweza akiwa amefumba macho. Kufanya kipya kiwe kizee hakuwahi kuombwa na mtu, na wala asingejaribu kama si baba yake.

Baba yake alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya dansi. Mzee Nyuzi, ndivyo walivyomwita, na mpaka leo wapo watu wazima wakisikia jina hilo mabega yanaanza kucheza yenyewe. Halafu uzee ukaja na ugonjwa wake wa kusahau. Kwanza alisahau njia ya kwenda kwa kinyozi. Akasahau kama amekula au hajala. Akamsahau mkewe kuwa alikwisha kufa, ikabidi kila mara ampoteze upya, mpaka binti akajifunza kusema tu kuwa mama ametoka kidogo. Mwisho akamsahau na binti mwenyewe. Asubuhi moja alimwangalia akimletea chai, akamwambia kwa adabu zote, "Asante, mama. Wewe ni wa nyumba ya jirani?"

Lakini gitaa hakulisahau. Akiliweka pajani, vidole vilikumbuka kila kitu, na yeye akatulia mchana kutwa. Mpaka siku alipotoka nalo begani na kurudi mikono mitupu. Ameliacha wapi? Hajui. Walilitafuta kwa kinyozi, kituo cha mabasi, uwanja wa mpira, hospitali. Wapi! Tangu hapo hakukalika. Akifumbua macho tu, viatu mkononi, mlangoni: "Naenda kulichukua gitaa langu." Wakifunga mlango, anapita dirishani, mzee mzima yule.

Juzi aliokotwa barabara kuu, katikati ya malori, miguu peku, akimwinulia mkono kila dereva. Ndipo kaka mtu akafika.

"Mdogo wangu, mimi sina roho ya jiwe," kaka alisema, hata kukaa hakukaa. "Lakini siku moja tutaletewa maiti. Kuna kituo cha wazee. Geti lina mlinzi, wana muuguzi. Nimekwisha zungumza nao."

"Nimekiona hicho kituo. Wamewapanga kwenye viti wanatazama ukuta. Kule hamalizi mwezi, kaka."

"Na hapa je? Lori lilimkosa kwa upana wa kiganja!"

"Anatafuta gitaa. Akilipata atatulia."

"Halipo!"

"Nitalitengeneza."

Kaka alimtazama kama mtu anayetazama nyumba ikiungua. "Utamdanganya baba yako mzazi?"

"Nitamdanganya, ndiyo. Na wewe utamfungia. Haya, tuambizane nani mbaya zaidi."

Kaka alijifuta uso. Hakuwa mtu mbaya, hilo lazima lisemwe. Alikuwa mtu aliyechoka kuogopa kila simu inapolia. "Jumamosi nakuja na gari," alisema. "Nikimkuta ametulia, namwacha. Nikimkuta mlangoni na viatu vyake, naondoka naye. Na usinililie."

Basi ndiyo maana ya friza.

Gitaa jipya alilipata la umbo lilelile, na rangi akaichanganya mwenyewe mpaka ikawa bluu ileile. Mwongozo wake ulikuwa picha iliyotundikwa sebuleni: baba yake jukwaani, shati limefunguka vifungo, gitaa mbele yake. Aliitundua, akaiegemeza kwenye kopo la rangi, akawa haiondolei macho. Pale juu, mkono wa kulia unapoegemea, rangi ilikuwa imelika mpaka mbao ikatokeza. Akachukua msasa akapasugua, taratibu, kwa kuzungusha, kisha kitambaa chenye thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ili ukingo wa bluu ufifie wenyewe na usionekane umekatwa. Kule kichwani, karibu na funguo za kukazia nyuzi, baba alikuwa akichomeka sigara wakati anapiga. Akawasha sigara, akakohoa mpaka machozi, akaichoma mbao mpaka ikaacha alama nyeusi. Skrubu na vyuma akavilaza katika siki na chumvi mpaka vikashika kutu. Nyufa zilizotoka kwenye baridi akazipaka rangi nyeusi ya viatu, akafuta, na nyeusi ikabaki ndani ya nyufa kama uchafu wa miaka.

Makovu ndiyo yalimshinda. Alisimama na shada la funguo mkononi, hawezi kupiga. Mikono iliyozoea kuziba mikwaruzo ilikataa kuitia. Akafumba macho, akapiga. Akapiga tena. Mwishowe akawa anapiga kwa hasira, akimpiga nani hajui, ugonjwa labda, au Jumamosi.

"We! Limekuibia mume?" muuza nyama alipaza sauti kutoka ng'ambo.

"Niache!"

Muuza nyama aliacha kisu chake, akavuka, akamshika mkono. Hakutania tena. Aliliangalia gitaa, akaangalia picha, akarudi kwenye gitaa. "Mungu wangu," alisema. "Ndilo hilo. Ndilo lenyewe."

Jumamosi asubuhi baba yake alikuwa tayari ameshika viatu. Fundi aliingia sebuleni na gitaa, nyuzi zimekwisha fungwa.

"Baba. Tazama nimekuletea nini."

Mzee aligeuka. Viatu vilidondoka. Uso wake wote ukafunguka, na kwa mara ya kwanza tangu wiki zile za tabu binti alimwona baba yake mle ndani, mzima, yuleyule.

"Gitaa langu!" mzee alisema. "Ala! Lilikuwa wapi?"

Alikaa, akalipakata. Mkono wa kulia ukaenda wenyewe kuegemea pale palipolika, ukatua hasa pale. Binti alijiziba mdomo kwa kiganja. Asante, alisema moyoni, asante, asante.

Mkono wa kushoto ukashika shingo ya gitaa. Ukateleza juu, ukarudi chini. Ukasimama.

Mzee alipitisha dole gumba nyuma ya shingo, mara moja, mara ya pili, kama anayetafuta mwiba. Paji la uso likajikunja. Akaligeuza gitaa, akalitazama mgongo.

Mgongo ulikuwa unang'aa kama kabati la bibi harusi. Fundi hakuwa ameugusa.

Loo! Utotoni kote alikaa sakafuni mbele ya baba, akitazama juu. Watu wa dansi walikaa mbele. Mpiga picha alisimama mbele. Upande ule wote alikuwa ameuzeesha, hata tundu la sigara hakulisahau. Lakini mpigaji haoni mbele. Mpigaji analijua gitaa lake kwa nyuma, kwa tumbo na kwa dole gumba: pale chuma cha mkanda wa suruali kilipokwangua miaka na miaka, na shingo ile iliyolainishwa na kiganja kimoja mpaka haina vanishi hata chembe. Upande aliouishi baba yake, yeye hakuwahi kuuona hata siku moja.

"Hili si langu," mzee alisema. Aliliweka chini bila hasira, akaokota viatu. "Ngoja nikalifuate langu."

"Baba, subiri. Baba, nakusihi."

"Nipishe, mama. Nina safari."

Alimpita mpaka mlangoni. Yeye akamwahi, akajibana kwenye fremu, mikono ameitandaza. "Ni mimi. Nitazame! Ni mimi, baba!" Mzee alimtazama kwa huruma ya mtu baki. Hapo ndipo binti alipokata tamaa. Alishuka taratibu mpaka akakaa kizingitini, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefika mwisho wa kila kitu, bila kujali nani anapita. Kwa mbali gari lilikuwa linakata kona, na yeye alilijua kwa mlio.

Mzee alisimama pembeni yake, hajui afanye nini. Kisha akavuta pumzi puani. Akainama, akamshika mkono, akaugeuza. Kucha zilikuwa na bluu. Kiganja kilinuka thina.

"Kumbe wewe ni fundi," alisema.

Binti alijifuta machozi kwa aproni.

"Si useme? Mimi nakuona unalia nikadhani umefiwa. Fundi haachi kazi nusu akakaa kulia." Alikwenda akaliokota gitaa, akarudi nalo, akamwonyesha nyuma ya shingo. "Tazama. Hapa panata. Mkono haupiti. Nani atapiga hivi? Mbele umefanya vizuri, sikatai. Lakini hapa bado. Una msasa?"

Msasa ulikuwa mfukoni mwa aproni, kama kawaida yake. Aliutoa.

"Ule laini. Haya, anza hapa. Mimi nitasubiri."

Na akakaa. Palepale kizingitini, ubavuni kwake, akaviweka viatu kando. Yeye akasugua, mzee akipitisha dole gumba kila baada ya muda, "bado", "polepole", "hapo sasa". Vumbi jeupe la vanishi liliwadondokea wote wawili magotini.

"Nina binti," mzee alisema ghafla.

Msasa ulisimama. "Eh?"

"Binti mmoja, mdogo hivi. Nikipiga hukaa chini mbele yangu, haondoki mpaka nimalize. Lazima nilipate gitaa kabla hajarudi."

"Yuko wapi huyo binti?"

"Atakuja," mzee alisema. "Yule hawezi kuniacha."

Fundi aliinamisha kichwa akaendelea kusugua, maana angefanya nini kingine?

Kaka aliwakuta hivyo. Alikuwa ameshika funguo za gari na begi tupu la nguo. Mzee alimpungia.

"Karibu, kijana. Kama una kazi yako weka hapo, lakini mimi ndiye wa kwanza. Fundi hajanimaliza."

Kaka alitazama viatu vilivyowekwa kando. Alimtazama baba yake, aliyekuwa amekaa, ametulia, macho yako kwenye shingo ya gitaa. Alikunja begi taratibu, akalibana kwapani.

"Atakaa hivi mpaka lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mpaka lipone."

"Na likipona, mdogo wangu? Maana hata ukilitengeneza lote, akilishika bado halitakuwa lile. Atainuka tena."

Fundi alilitazama gitaa. Nusu ya shingo ilikuwa imekwisha kuwa mbao tupu, laini kama kiganja. Kwa kasi ile, kazi ingekwisha kabla ya jioni.

"Nitapita tena Jumamosi ijayo," kaka alisema, akarudi garini polepole.

Jua lilipopanda fundi alimwita baba yake ale. Alikubali kwa sharti kwamba kazi isisimame. Fundi alilibeba gitaa mpaka karakana, akafungua nyuzi, akalitundika kwenye waya kwa kichwa chake. Likiisha leo, kesho mzee yuko mlangoni na viatu vyake. Basi akakoroga vanishi, akajaza bomba la kupulizia, akafunga kitambaa puani, na kuanzia juu kwenda chini akaipulizia ile shingo aliyoisugua asubuhi nzima. Mbao ikalowa, ikashika mng'ao, ikawa mpya.

"Fundi!" Sauti ya mzee ilitoka dirishani, mdomo umejaa chakula. "Vipi, bado?"

Alishusha kitambaa.

"Bado, mzee," alijibu. "Bado kidogo."

Akapulizia tena vanishi, mkono wa pili.